Karamu ya Ranjan

"Unasemaje?" Ranjan aliuliza, tai mkononi.

"Nimeingia mwezini," alijibu mkewe, Kalpana, bila kuinua macho kitabuni. Alikuwa ameshajikalia kwenye mkeka wa kona, anakotengwa kila zinapofika siku zake.

"Leo? Si ulimaliza wiki iliyopita?"

"Baridi ya Uingereza, labda."

Lo! Wazee wanne wa hekalu wanafika saa moja kula na kumpima kama anafaa uenyekiti. Na huo uenyekiti Ranjan aliutaka kufa! Kampala alikuwa mtu. Hapa Kilburn, mwaka mzima tangu wafukuzwe Uganda, hata salamu hapewi.

Kumwamuru mke aingie jikoni hakuweza. Ni yeye aliyewahubiria Wahindu wa mtaa mzima kwamba mwanamke mwenye hedhi hagusi sufuria siku tatu, na kwamba chakula cha dukani ni najisi. Mdomo uliponza kichwa.

Kwa hiyo Kalpana, aliyekuwa akifundisha Kifaransa huko Kampala, kila mwezi alipata siku tatu za kujisomea riwaya. Hii ya sasa ilimhusu mwanamke wa Kihindu aliyeutupa dirishani mti wa kusukumia chapati, akaenda zake. Kila jioni alikuwa akimsimulia mama mkwe wake, Bi Bhanu. Bibi aliguna tu, na Ranjan akaamini anachukizwa.

Sasa alimkimbilia. "Mama, niokoe! Mke wangu ananiaibisha!"

Bi Bhanu aliweka chini sweta alilokuwa akifuma. Miaka hamsini na tano jikoni, hajawahi kumnyima mwanawe sahani.

"Wageni wangapi?"

"Wanne."

"Wanapenda pilipili?"

"Sana, Mama!"

Bibi akainuka polepole, akanawa mikono, akakaza sari yake kiunoni. Ranjan nusura alie kwa furaha.

"Umeona mwanamke?" akamfokea Kalpana. "Jifunze!"

Kengele ya mlango ikalia: wageni wamewahi. Bi Bhanu akaupita mlango wa jikoni, akaenda moja kwa moja hadi konani.

"Sogea, mwanangu," akamwambia mkamwana wake, akaketi mkekani.

"Mama, jiko liko huku!"

"Siwezi kuingia," alisema Bi Bhanu, aliyetimiza miaka sabini na moja juzi. "Na mimi nimeingia mwezini."