Fundi Yuko Njiani

Mwanamina alivunja matawi mabichi, akayapanga barabarani nyuma ya gari lake na mengine mbele, kama wafanyavyo madereva wote waliokwama. Kisha akalitazama jua. Alasiri ilikuwa imeshapita.

"Gari haliwaki," alisema kwenye simu, kwa mara nyingine. "Niko kati ya Mkongo na Kibiti, peke yangu. Andika jina langu vizuri, na saa niliyopiga."

"Pole sana, mama. Fundi yuko njiani," alijibu binti wa huduma, kwa sauti tamu ya mtu aliyekaa chini ya feni.

Zamani kampuni ile ya kuokoa magari ilikuwa na watu. Ulikuwa ukipiga simu, na kabla jasho halijakukauka unaliona gari lao la njano linatimua vumbi. Siku hizi imebaki sauti tamu tu. Juzijuzi Bachubhai, mwenye duka la vyombo pale Kibiti, alishinda barabarani kutwa nzima akiwasubiri, mwishowe akavutwa na trekta la watu waliotoka kulima mpunga. Alimsimulia Mwanamina kwa hasira, na Mwanamina akamsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake, bila hata aibu, mwanamke huyo akaenda kulipia gari lake uanachama wa kampuni hiyohiyo. Mumewe, Ridhiwani, alimcheka sana.

"Unanunua upepo," alimwambia.

Leo ndoa yao ilikuwa imening'inia kwenye upepo huohuo. Asubuhi, mbele ya wazee wawili, Ridhiwani aliapa.

"Nenda kamwone mama yako. Lakini jua likizama hujaingia nyumba hii, huna mume. Na usije na visingizio vya gari. Likuharibikie, likuungulie, hainihusu."

Talaka mbili alikwisha kumpa huko nyuma, na zote mbili alimrejea kabla eda haijaisha. Hii ingekuwa ya tatu, na ya tatu hairejewi kirahisi.

Kiapo chenyewe kilitoka baada ya Mwanamina kuuliza habari za Maimuna. Maimuna alikuwa shoga yake wa kula sahani moja, na nguo zake zote zilishonwa na Mwanamina. Kumbe Ridhiwani alikuwa amempangia nyumba Ikwiriri, na soko zima linajua. Wauza nyanya ndio waliomhurumia wakamwambia. Iliuma. Iliuma kuliko talaka zote mbili, maana zile zilitoka kwa mtu mmoja, na hili walimfanyia wawili.

Hata kwao Mkongo, kwa mama yake, hakupata pa kulilia. Mjomba Gharibu alimsindikiza mpaka mlango wa gari.

"Usithubutu kulala huku," alisema. "Ukoo wetu haujapata kuwa na mwanamke wa kudai talaka. Rudi kwa mumeo."

Bodaboda ikapunguza mwendo, ikasimama penye matawi. Aliyekuwa akiendesha ni Twalha, jirani yao wa Kibiti.

"Vipi tena, dada Mwanamina? Hebu niitazame injini."

"Usiguse, kaka yangu. Watu wa kampuni wakikuta mkono wa mtu mwingine, hawanihudumii."

"Basi panda nikupeleke. Magharibi itatukuta tumeshafika."

"Mume wangu kanipiga marufuku kupanda pikipiki ya mwanamume. Si unamjua?"

Twalha alimjua. Akatikisa kichwa.

"Ukifika," Mwanamina akamwambia, "waambie watu umenikuta nahangaika."

"Nitawaambia, dada. Mungu akufanyie wepesi."

Jua likashuka hadi kwenye vichwa vya mikorosho. Simu ikalia.

"Habari njema, mama!" Ni yule binti wa huduma. "Fundi ameshatoka Kibiti, anakuja huko kwako."

Alitazama barabara, akatazama jua, akatazama tena barabara. Alisoma dua zote alizofundishwa chuoni utotoni. Kila vumbi lililoinuka upande wa Kibiti alilikodolea macho.

Simu ikalia tena. "Samahani sana, mama. Gari la fundi limeishiwa mafuta. Tunakutafutia mwingine."

Mwanamina akakaa chini kwenye majani. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Ridhiwani naye akapiga. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, sauti yake haikuwa na kiburi.

"Uko wapi wewe?"

"Njiani. Gari haliwaki. Nimewapigia hawa watu tangu mchana."

"Fanya kitu, mwanamke! Huoni jua linazama?"

"Nifanye nini, mume wangu? Wanasema fundi yuko njiani."

Ridhiwani akatukana, haikujulikana anamtukana nani, simu ikakatika. Jua likaingia nyuma ya mikorosho, likapotea. Kutoka kijiji cha mbele, adhana ya Magharibi ikasikika, hafifu lakini kamili, na Mwanamina akaiitikia mpaka neno la mwisho.

Kisha akainuka, akapangusa nguo, akafungua boneti na kuurudishia waya wa betri aliouchomoa kwa mkono wake mwenyewe. Gari likawaka mara moja, akaligeuza kurudi Mkongo.