Ndala Kapuni

Sitiveni alikufa kwa sababu nahodha Penaia alihesabu ndala badala ya watu.

Utaratibu ulikuwa wa Penaia mwenyewe, na aliuonea fahari. Boti yake ilizungusha wageni kwenye visiwa vya Yasawa, huko Fiji, kwa siku mbili, wakilala usiku mmoja kijijini. Botini hakuna kuvaa viatu. Kila mtu hutia ndala zake kwenye kapu karibu na ngazi. Wakishuka kwenye fungu la mchanga huzivaa, maana mchanga unaunguza, kisha huziacha pale na kuingia majini. Wakirudi, zinarudi kapuni. Zikitimia, safari.

"Vichwa vinatembeatembea," alikuwa akisema. "Ndala zinatulia."

Miaka mitatu nyuma alimtuma Sitiveni, kijana wake wa kazi botini, nyuma ya mwamba akamtolee kambakoche wa kuuza hotelini. Kijana akiwa bado majini, mtu fulani alimbebea ndala zake mpaka botini. Penaia akahesabu, zikatimia, akaondoka. Maji yalipojaa, fungu likazama. Sitiveni alipatikana siku ya nne.

"Nani alizibeba?" polisi waliuliza. Haikujulikana. Wageni walikuwa wameshatawanyika makwao.

Kwa desturi, Penaia alitakiwa aende kwa wazazi wa marehemu na jino la nyangumi, apige magoti, aombe msamaha. Hakwenda. Alimpa Vasiti, dada wa marehemu, kazi ya kupika botini, akaona wamelingana.

"Huna haya?" shangazi yake alimwambia. "Unamkaangia samaki mtu aliyemuua mdogo wako?"

"Nataka awe karibu, shangazi," Vasiti alijibu.

Safari hii walikuwa na wageni kumi na wanne. Mmoja alikuwa mzee Clarrie, kutoka Queensland, mzito wa masikio, mwepesi wa mikono. Alibeba mifuko ya watu ambao hakuwajua. Alimsaidia Vasiti kumenya muhogo bila kuombwa.

Jioni walikaa kijijini kuzunguka bakuli la yaqona, kinywaji chao cha mizizi. Mzee alipokea kifuu chake, akapiga kofi moja, akanywa, akapiga matatu, sawasawa kama mwenyeji.

"Nani kakufundisha, babu?" Vasiti aliuliza kwa sauti kubwa.

"Nimewahi kuja hapa, miaka mitatu sasa. Kulikuwa na kijana mmoja hivi, mcheshi sana. Siku ile alisahau ndala zake kwenye fungu, maji yanakaribia kuzichukua. Nikambebea. Yuko wapi siku hizi?"

Penaia aliinamia kifuu chake.

"Alihama, babu," Vasiti alisema.

Baadaye Penaia alimfuata Vasiti jikoni, anacheka.

"Haya, umempata mtu wako. Mchukie yeye sasa, mimi niache nipumue."

Vasiti alichukua ndala za mzee, za bluu, kisigino cha kushoto kimelika, akaziosha tope, akazitazama muda mrefu kabla ya kuzianika.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, walitia nanga kwenye fungu lile lile. Kambakoche siku hizi Penaia alizamia mwenyewe, kwa kuwa tangu Sitiveni afe hakuna aliyekubali kutumwa kule.

"Nikimaliza napanda kwa mbele, nalala," alimwambia Semi, mshika usukani. "Atakayeniamsha kabla ya bandari ataogelea mpaka kwao."

"Nani akuamshe, bosi? Ukikoroma wewe, hata injini haisikiki."

"Hesabu ndala, uondoke."

Akavua ndala zake nyekundu mchangani, akapotelea nyuma ya mwamba.

Maji yalianza kupanda. Wageni walirudi mmoja mmoja, ndala mkononi. Semi akapuliza filimbi. Kule mwisho wa fungu mzee Clarrie alikuwa amechuchumaa anaokota makombe, amewapa mgongo. Hakusikia.

Vasiti aliinama, akaokota ndala za bluu.

Kapu lilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Semi alipuliza tena. Mzee hakugeuka. Vasiti alisimama na ndala zile kifuani, akimtazama mtu aliyembebea mdogo wake ndala, makombe yamemjaa kofiani, shati limemlowa mgongoni. Wimbi likamfika vidoleni.

Akamwendea.

"Vaa, babu. Mchanga unaunguza. Tunaondoka."

"Vinaka, asante, mwanangu. Ningeachwa hapa."

"Hatukuachi." Akamshika mkono, wakatembea taratibu. Walipofika usawa wa mwamba, alisimama. "Zile nyekundu ni za nahodha. Tazama, maji yanazifikia."

Uso wa mzee uling'aa.

"Ngoja nimsaidie."

Alizibeba mwenyewe. Akazisuuza mchanga kwenye ngazi, akazipanga kapuni kwa adabu, moja kando ya nyingine.

"Yuko wapi nimwambie?"

"Amelala kule mbele, babu. Hapendi kuamshwa."

Semi alipitisha kidole juu ya kapu, midomo ikicheza. Za wageni. Za Vasiti. Zake. Za bosi.

"Zimetimia!"

Injini ikanguruma. Vasiti aliketi kando ya kapu, akamkatia mzee papai.

Jozi kumi na saba. Watu kumi na sita.