Karatasi ya Mama Chapa

"Hii mmemwandikia marehemu," Mama Chapa alisema, akamrudishia inspekta hati ya upekuzi. "Mume wangu ana mwaka wa nne kaburini. Kapekueni huko."

Inspekta alifumba macho. Asubuhi alikuja mikono mitupu, mama huyu akajibana mlangoni kama komeo. Sasa kaja na karatasi, na karatasi nayo ina kasoro.

"Mama, mwanao ni mtu wa genge. Mtaa mzima unajua."

"Mtaa si mahakama."

Alikuwa amepiga chapa mahakamani miaka thelathini. Hata jina lake alilitoa huko. Alizijua kesi zilizokufa kwa tarehe moja tu iliyokosewa.

Uani, kijana wake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pingu mikononi, askari wawili kando yake. Alikuwa anacheka.

"Afande, kwa bi mkubwa umegonga mwamba. Mwezi uliopita mlivunja mlango bila karatasi, mkaishia wapi? Hakimu aliniachia huru kabla chai yake haijapoa."

Nje ya ua, jirani aliyemzika mdogo wake juma lililopita alipaza sauti. "Haki ya mwanao, haki ya mwanao! Na ya mdogo wangu iko wapi, Mama Chapa? Utamkingia kifua mpaka atumalize?"

Mama Chapa aliegemea mlango, akapumzisha mguu mmoja, kisha mwingine. Yote miwili ilikuwa imevimba.

Saa nane inspekta alirudi na hati mpya, shati limemganda mgongoni. Mama alivaa miwani. Akasoma jina, namba ya nyumba, tarehe, sahihi. Akapitisha ukucha juu ya muhuri wa hakimu. Kisha akaanza upya, mstari wa kwanza.

"Kuna kosa tena?" inspekta aliuliza, sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa.

"Soma taratibu, mama," kijana alisema kutoka kwenye ndoo. "Hawa hawakosi kukosea."

Mama Chapa alifika mwisho wa ukurasa. Hakumtazama mwanawe. Alivua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasogea kando ya mlango.

"Bastola iko darini, juu ya kitanda chake," alimwambia inspekta. "Uandike vizuri mlipoikuta."