Baiskeli ya Kumwoa Chepkurui

Kipkirui aliinua jiwe kwa mara ya kumi na kuipiga baiskeli mpya, iliyotolewa kwenye katoni asubuhi hiyo hiyo. Jiwe likadunda. Rangi nyeusi haikuonyesha hata mkwaruzo wa maana.

"Hii Sufuria iko na kiburi," alisema Ogada, aliyekuwa ameshika usukani.

Duka lilikuwa la Ogada, hapo Kaplong, ingawa yeye kwa kweli alikuwa fundi wa redio. Baiskeli aliachiwa na binamu yake Owino aliporudi nyumbani kando ya ziwa, nazo zilikuwa zimemlemea. Zamani Tansli lilikuwa jina la heshima kati ya baiskeli. Mtu akija kanisani na Tansli, hata mchungaji alimngoja aiegeshe vizuri ndipo aanze kuomba. Kisha mwaka wa themanini na sita kampuni hiyo ya Uingereza ikanunuliwa na watu wa kutengeneza sufuria, na foki, zile chuma za kushika gurudumu la mbele, zikaanza kukatika watu wakiwa mteremkoni. Kufikia mwaka huu wa tisini na tatu, Tansli yoyote iliyong'aa iliitwa Sufuria, na hakuna aliyejisumbua kuuliza zaidi. Ogada hakuwa ameuza hata moja tangu Krismasi. Hii ya Kipkirui aliitoa nyuma kabisa ya stoo, chini ya tairi kuukuu, kona ya katoni imeliwa na panya, naye alimshukuru Mungu kuiona ikiondoka.

Shida ya Kipkirui ilikuwa mzee Hezekiah wa Boito, babake Chepkurui. Kwa miaka ishirini Tansli ya Hezekiah ilibeba majani chai hadi kituo cha kununulia, mpaka siku lori lilipoikanyaga. Mzee aliilia kuliko alivyomlilia shemeji yake. Sasa alikuwa amesema kwamba mambo ya ng'ombe wataelewana, ila juu ya ng'ombe anataka Tansli ya kabla ya kampuni kuuzwa, na akiletewa Sufuria, binti hatoki.

Kipkirui alizunguka hadi Chepseon akiwabembeleza wenye nazo, wakamcheka. Mmoja alimshauri atafute msichana ambaye babake anapenda kutembea kwa miguu. Lakini Kipkirui alimpenda Chepkurui kupita kiasi; akisikia tu jina lake alisahau kumeza ugali.

Jiwe liliposhindwa kuizeesha Sufuria aliyoinunua, alikumbuka makaa ya mti wa senetwet ambayo mamake alisugulia vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandishwa. Wakayasaga, wakayachanganya na maziwa, wakaipaka baiskeli kuanzia usukani hadi magadi ya kuzuia matope, kisha wakairushia vumbi la barabarani. Kiti wakakibadilisha na kingine kilichopasuka. Kufikia jioni ilionekana kama iliwahi kupanda milima hiyo na wazungu wa kwanza. Ogada alicheka mpaka akakaa chini kwenye tairi zake.

Siku ya koito, siku ya kuomba mchumba, ujumbe wa Kipkirui ulifika Boito ukiongozwa na Jonah, ndugu mdogo wa babake. Hezekiah hakuwasalimu watu kwanza. Aliisalimu baiskeli. Akanusa kiti. Akazunguka nayo uani mara mbili, koti likipepea, akiwaringia majirani waliokuwa wakichungulia. Kisha akaigonga fremu kwa kidole na kusikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Sikieni hiyo sauti," aliwaambia. "Hiyo ni chuma ya wenyewe. Watu wa sufuria hawawezi kuiga hii."

Kipkirui alitazama viatu vyake. Karibu na jikoni, Chepkurui, aliyeambiwa kila kitu, aliuma leso ili asicheke.

Waliingia ndani. Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Ng'ombe walikubaliwa, mbuzi wakakubaliwa, chai ikamiminwa vikombeni na mursik ikafuata. Jonah alikuwa amesimama kuomba sala ya kufunga mazungumzo mvua ilipoanza, ile ya alasiri ambayo Boito haikosi, na ambayo Kipkirui peke yake katika wilaya nzima alikuwa ameisahau. Ilipiga mabati kwa nguvu hata "amina" haikusikika.

Walipotoka, baiskeli ilikuwa imeegemea ua, inang'aa kama kiatu cha sikukuu. Chini yake mto mweusi ulikuwa ukiteremka uani. Kuku mweupe alikuwa ameuvuka, naye sasa alikuwa na soksi nyeusi.

Jonah aliangalia mawingu kama mtu anayetafuta ndege. Kipkirui alijua amempoteza Chepkurui, tena mbele ya ukoo mzima.

Hezekiah aliuendea ua polepole. Alipitisha kidole kwenye fremu, akakitazama kidole, akakiangalia kile kiti kilichopasuka. Kisha akaamuru vijana wawili waipindue baiskeli, magurudumu juu. Tansli zote, alisema bila kumtazama mtu, hugongwa mwaka wake kwenye chuma, hapo chini pedali zinapokutana, na sasa wataona wenyewe waliletewa nini. Akapiga goti kwenye matope, akafuta kwa mkono wa koti, akasogeza uso karibu.

"Elfu moja mia tisa sabini na nne," akasoma.

Akasoma tena. Aliposimama machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi.

"Mpya," alisema. "Ya sabini na nne, na haijawahi kuguswa na mtu." Akamshika Jonah mabega yote mawili. "Chepkurui ni wenu. Hata ng'ombe mmoja nawarudishia. Lakini huyo mjinga aliyepaka hii kitu makaa, hata kama ni ndugu yenu, siku ya harusi nisimwone hapa."