Casque Nyeupe

— Enda basi! Enda kwa serikali, ku inspection ya kazi, ubaambie yote! Unazani nitakukataza?

— Nitaenda, tata. Leo hii.

— Enda. Mi nakuonea tu huruma, mutoto yangu.

Zéphirin alipiga meza ngumi. Chai ilimwangika. Tata Séraphin hakushituka. Alitosha kitambaa mu mufuko, alipanguza meza polepole, kama mutu mwenye hana deni na Mungu wala na serikali.

Huyu Séraphin hakumuzala, lakini njo alimulea. Tata ya Zéphirin alifia mu shimo yenye alikuwa anachimba madini kule Kasulo, chini ya nyumba yake mwenyewe. Séraphin, rafiki ya marehemu, alibeba mutoto kwake, alimulisha, alimutia ku masomo mpaka masomo ikamushinda. Kisha alimupa kazi kwake, ku njia ya Fungurume: camion tatu za kubeba majiwe, mashine moya ya kuvunja majiwe ya shaba, batumishi makumi mbili.

Ile mashine njo ilikamata mukono ya mutumishi moya, Ngeleka, juma mbili imepita. Ilikula mpaka ku kiwiko. Sasa hospitali inakataa kumuachilia, juu hakuna mwenye kulipa. Ngeleka eko kule, analala anahesabu mabati ya dari.

— Sheria ilibadilika, Zéphirin alisema. Weye mwenyewe njo ulitufasiria! Zamani mutumishi anaumia, patron anapeleka mbuzi na mufuko moya ya bunga, maneno inaisha. Sasa anaumia, patron anamulisha mpaka kufa. Si ulisema vile?

— Nilisema.

— Ulilia hata! Ulisema hii sheria itamaliza bapatron bote ba Kolwezi.

— Nililia, ni kweli. Séraphin alikamua kitambaa. Kisha nililala, niliamuka na akili.

— Akili ya kufuta jina yako ku milango ya camion? Unazani rangi itakuficha?

Muzee alicheka kidogo, bila kuonyesha meno.

Zéphirin alivaa casque yake, kofia ngumu ya migodi, alitoka. Ile casque nyeupe! Mu migodi yote ya Lualaba kila mutu anajua: manjano ni mutumishi, nyeupe ni mukubwa. Mu mwezi ya tatu, siku ya mposho, Séraphin aliua mbuzi, aliita batumishi bote mu kiwanja, alimutosha Zéphirin ile ya manjano ku kichwa, alimuvalisha nyeupe. Batu balipiga makofi. Ngeleka njo alipiga nguvu kupita bote: "Chef! Chef yetu! Usitusahau, nyama inabaki?" Zéphirin alitia signature ya kupokea: casque moya, bottes, gilet, na papier zingine zenye zilikuwa chini yake. Alileta picha yake ya kutia ku badge. Badge haikufika, yeye hakuuliza. Tata yako anakuvalisha nyeupe mbele ya batu, utaanza kusoma papier kama polisi ya barabara?

Leo ile casque ilikuwa inamuuma kichwa.

Adolphine, bibi ya Ngeleka, alimungojea ku mulango ya inspection. Alimutia mufuko ya mikate mu mikono.

— Kamata. Nimepika asubui. Bengine bote balitukimbia, ni weye tu ulibakia ndugu.

— Mama, leo bwana yako atatoka kule. Nakuapia.

Ndani kulikuwa Mama Odile, mukubwa wa inspection, miwani yake imefungwa na kamba ya viatu. Zéphirin hakungoja kiti.

— Mama, andika. Kule kwetu, ku njia ya Fungurume, nyuma ya station ya mafuta, mutumishi alikatika mukono. Patron hakuandikisha mutu hata moya ku caisse, ile yenye inalipiaka batumishi benye kuumia. Alijua sheria, alijificha.

— Kama hakubaandikisha, atalipa yeye mwenyewe, Mama Odile alisema. Hospitali, mukono, na chakula ya batoto. Kama hana, tunauzisha mali yake. Kama anakimbia, tunamufunga mu buloko. Unasikia? Hii si ile sheria ya mbuzi.

— Njo ile tunataka! Musimuonee huruma.

— Na nyumba yake, Adolphine aliongeza.

— Na nyumba yake, Zéphirin alisema. Andika na ile.

Mama Odile aliandika. Zéphirin alitia signature, alikandamiza biro mpaka papier ilitoboka. Adolphine alimushika mukono, machozi inamutoka.

— Sasa tuone ni nani, Mama Odile alisema.

Alienda ku kabati, alifungua, alipiga vumbi ku dossier tatu, ine. Alirudi na moya ya rangi ya bluu, nyembamba, mupya.

— Nyuma ya station... Séraphin alifunga entreprise yake mu mwezi ya tatu. Pale fasi yake sasa kuko entreprise ingine, na mashine ile ile.

Alifungua. Alisoma. Aliinua macho, aliangalia casque yenye ilikuwa ku magoti ya Zéphirin, kisha alisoma tena.

— Miaka kumi na tano niko hapa, alisema. Sijaonaka patron mwenye anakuya na miguu yake kujishitaki.

Aligeuza dossier upande yao. Adolphine hakujua kusoma, lakini haikuomba kusoma: fasi ya jina ya patron, balibandika ile picha ya badge ya Zéphirin.

Alitosha mufuko ya mikate mu mikono ya Zéphirin, aligeuka, alienda.