Wito wa Mwisho wa Boti ya Mafuta Machafu

Mwalimu alibonyeza kitufe, darasa likatega sikio, spika zikakaa kimya. Akabonyeza tena. Rekodi ilikuwa imeondolewa.

"Labda ni mtandao, mwalimu," alisema baharia mmoja wa kiti cha mbele, kwa huruma.

Haukuwa mtandao. Rekodi nyingine zote zilikuwepo: ya meli iliyopanda mwamba, ya ile iliyoshika moto jikoni. Iliyokosekana ni moja tu, ile iliyokuwa roho ya somo lake. Ilikuwa sauti ya marehemu mume wake.

Miaka tisa nyuma, mume wake alikuwa peke yake kwenye boti ya kukusanya mafuta machafu kutoka kwenye meli kubwa. Aliita redioni kwamba boti inaingiza maji. Aliita mara moja tu. Waokoaji walipofika walikuta maji matupu. Hakuonekana yeye, haikuonekana boti.

Mjane mwingine angeifungia rekodi ile kabatini. Yeye alikuwa akifundisha mabaharia lugha ya redio, akaisikiliza mpaka akagundua jambo. Ndani ya ule mkwaruzo wa upepo, mume wake alisema kila kitu kwa mpangilio: jina la boti, mahali alipo, shida yake, msaada anaoutaka. Hakugugumia hata neno moja. Maneno yale mwalimu ndiye aliyemfundisha, mezani nyumbani, wakitaniana. Juu ya sauti ile akajenga utafiti wake wote: mtu akifundishwa vizuri, hofu haimnyang'anyi lugha. Vyuo vya ubaharia viliupokea kwa mikono miwili.

Sasa mtu ameuchomoa moyo wa utafiti huo, na mwenye uwezo wa kufanya hivyo alikuwa mmoja tu. Tope.

Tope lilikuwa jina la utani la mkuu wa mradi wa usalama baharini uliotunza rekodi hizo, mwanamke aliyetumia nusu ya maisha yake kuchota matope chini ya bahari na kuyapima kama yana mafuta au sumu. Yeye na mwalimu walikuwa wakiiva chungu kimoja. Wiki nzima ya msiba, Tope alilala naye sakafuni, akimlisha kama mtoto.

Mchana mwalimu alikwenda kula nyumbani, akawa anachezea tu chakula. Mama mkwe wake alimtazama kutoka upande wa pili wa meza.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Tope ameitoa rekodi. Na nimesikia jina langu limetolewa kwenye mkutano wa mradi wa wiki ijayo. Mwezi uliopita alikwenda kupima matope pale boti ilipozama, akarudi akiniambia pale pasafi, hapana hata tone la mafuta. Sikumwelewa. Kumbe alikuwa anatafuta pa kunibomolea. Anataka ionekane mume wangu alikosea kutaja mahali alipo."

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Kila rekodi ile inapotajwa, yeye huinuka na kwenda zake. Safari hii alibaki.

"Nilikwambia huyo anachimba mno," alisema. "Achana naye. Achana na hiyo rekodi pia. Mwache mume wako apumzike."

"Siwezi, Mama. Ndicho alichoniachia."

"Alikuachia mimi," alisema mama mkwe, akamshika mkono.

Machozi yakamlenga. Tangu msiba ule walibaki wawili, mtu na mama yake, na hakuna siku waliyolala wamenuniana. Aliinuka akarudi kazini akiwa na nguvu mpya.

Tope alikuwa ofisini, akipanga chupa za matope dirishani. Hakugeuka.

"Umeitoa," alisema mwalimu.

"Nimeitoa."

"Na jina langu je?"

"Na jina lako."

"Kuna rekodi kumi na mbili ambazo watu wamekosea maneno, ungeweza kuzitoa hizo, ukaenda kutoa hiyo moja. Unautaka utafiti wangu, uchukue, lakini niambie usoni. Nilidhani wewe ni dada yangu."

Tope aligeuka. Macho yalikuwa mekundu. "Hajambo mama mkwe wako?"

"Usinizungushe."

"Bado mnakaa pamoja?"

"Nikamtupe wapi? Tope, nipe rekodi yangu."

"Nilikuwa nataka kwanza nijue nikwambieje." Tope alikaa. "Boti iliyojaa mafuta machafu haizami bila kuacha hata tone. Nilipoona matope yale ni masafi, niliipeleka rekodi kwa mafundi wa sauti waondoe mkwaruzo. Waliirudisha juzi. Mabaharia wanaingia baharini kwa kuamini somo lile. Nisingeweza kuiacha iendelee. Lakini pia sikuweza kukuita."

"Washa."

"Nenda nyumbani kwanza. Kesho tutakaa vizuri."

Mwalimu hakungoja. Alivaa visikilizi vilivyokuwa mezani, akabonyeza mwenyewe.

Mume wake akazungumza kana kwamba yumo humo ofisini. Sauti safi, ya karibu. Jina la boti. Mahali alipo. Alifumba macho kama alivyozoea, akingoja upepo na mawimbi, lakini hayakuja. Palikuwa na feni iliyokuwa ikizunguka, na kiti kilichoburutwa sakafuni.

Kisha, mume wake alipovuta pumzi kabla ya kuomba msaada, sauti ya pili ilinong'ona nyuma yake, taratibu, kwa mapenzi, sauti iliyomwamsha mwalimu kila asubuhi kwa miaka tisa:

"Harakisha kidogo, mwanangu. Mtu anayezama haongei hivyo."