Mbu Waliomkataa Salha

Mjini Lindi dawa ya dengue hubebwa na mbu. Kila Alhamisi mtu hutia mkono kwenye kizimba cha wavu aumwe, na dawa huzifunga seli zake, kirusi kisipenye. Mbu hao hawamgusi aliyekwisha kuambukizwa. Huyo huchukuliwa, wala harudi.

Alhamisi hiyo walimkwepa Salha.

"Mama, mbona hawanitaki?"

"Wameshiba. Nyamaza."

Bwana afya alikuwa akitaniana na jirani uani. Mwanatumu akavua khanga yake iliyoloa jasho, akamsugua nayo bintiye mkono, akaurudisha kizimbani. Mbu wakatua, wakanywa.

"Damu tamu nyumba hii," bwana afya alicheka aliporudi.

Akawabeba mbu wale, wamejaa damu ya Salha, kwenda kwa Somoe wa nyumba ya pili, aliyejifungua juzi, naye aumwe. Mwanatumu akafumbua mdomo, kisha akaufumba.